Cha Kuazima Hakisitiri Maungo

Kila mwaka kurasa za jarida hili hujaa insha za nidhamu, mashairi ya kuwaaga wa kidato cha nne, vitendawili na vichekesho. Yote ni mazuri. Lakini kuna jambo moja ambalo sisi wasichana hulizungumza kila siku wakati wa mapumziko, na mwalimu akipita karibu tunanyamaza ghafla kama waliomwagiwa maji. Mwaka huu nimeamua kulitoa hadharani. Jambo lenyewe ni simu ya mkononi, afya ya msichana na usalama wake hapa Changamwe.

Ukiwasikiliza watu wazima, hukumu ilishatolewa zamani. Kwenye mkutano wa wazazi, simu. Msikitini, simu. Kanisani, simu. "Mtoto wa kike ukimpa simu umemuuza," ndivyo wasemavyo. Nami sikatai kwamba wapo walioingia taabani kwa njia ya simu, na habari zao nitazitaja hapa chini. Lakini maoni yangu ni kwamba tunaukamata mkia na kumwacha nyoka. Msichana wa hapa kwetu aghalabu hana simu yake mwenyewe. Anatumia ya mama, ya kaka, ya jirani, ama mbaya zaidi, ya mwanamume aliyempa eti zawadi. Wahenga walinena kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Wao walikuwa wakizungumzia nguo. Leo nguo hiyo ni simu.

Hebu tutazame tunavyoishi. Ukitoka mzunguko wa Changamwe ukaingia Chaani, Migadini, Magongo au Bomu, wengi wetu tunakaa katika nyumba za Kiswahili, vyumba vimepangana huku na huku na ukumbi katikati. Chumba kimoja, pazia katikati, watu watano. Baba akiwa zamu ya usiku bandarini, simu yake iko naye. Mama ana kabambe yake ya tochi, ile mulika mwizi, anayoitumia kupokea pesa za viazi karai na mahamri. Kaka ana simu ya kupangusa, nayo haitoki mkononi mwake hata akienda kuoga. Sasa niambie, msichana wa miaka kumi na sita akitaka kuuliza jambo la siri, atatumia simu gani? Ataisemea wapi? Ukumbini, ambapo hata mtu akikohoa chumba cha mwisho wanamwambia pole?

Na mambo ya kuuliza hayakosi. Hedhi imechelewa mwezi wa pili. Tumbo linauma kiasi cha kushindwa kusimama gwaride. Kuna muwasho usioeleweka. Kuna mtu mzima anayenifuata kila jioni kutoka stejini hadi mlangoni. Kuna mjomba ambaye mama akitoka, yeye huingia. Haya si maswali ya kuuliza huku kaka amesimama pembeni akisema, "We, maliza haraka, bando langu hilo!" Ndiyo maana wengi hawaulizi. Na asiyeuliza hukisia, au huuliza mwenzake ambaye naye hajui.

Cha ajabu ni kwamba nyumba zetu tayari zinajua maana ya siri ndani ya simu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mama zetu walijifunza kwa wiki moja tu kwamba namba ya siri haiambiwi mtu, hata mume, hata mtoto wa kuzaa. Mimi nikitumwa dukani kutoa pesa, mama huja mwenyewe mpaka dirishani kuibonyeza, na mkono wa pili anafunika. Wala hakuna anayesema mama ni mwovu kwa kuwa ana siri. Basi kama shilingi mia tatu zinastahili kufichwa, mwili wa mtoto haustahili? Lakini ujumbe wa msichana husomwa na nyumba nzima, kwa sauti, na vicheko juu.

Kibanda cha simu cha zamani mimi sikukiwahi, ila mamangu hunisimulia. Anasema ulikuwa ukienda posta na sarafu zako, unaingia, unavuta mlango wa vioo, na watu walio kwenye foleni wanakuona mdomo ukienda lakini maneno hawayapati. Simu ile ilikuwa ya umma, wala haikuwa ya mtu. Lakini kwa dakika zile tatu, maneno yalikuwa yako. Sisi watoto wa leo tumepata simu za kila aina, ila ule mlango tumeupoteza.

Sasa niseme juu ya zawadi, maana hapa ndipo penye mtego. Msichana akikosa simu nyumbani, yuko mtu nje anayejua hivyo. Huanza na kredo ya shilingi ishirini. "Sista, nimekusambazia, nipigie basi." Kesho bando. Kesho kutwa hela ya sodo, kwa sababu amejua kwamba nyumbani hakuna. Serikali ilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba kila msichana wa shule aliyebaleghe na kusajiliwa apewe sodo bure, lakini zisipofika shuleni kwa wakati, yeye huwa amefika. Mwisho wake hutoa simu yenyewe.

Namjua mwenzetu mmoja aliyepewa simu namna hiyo alipokuwa kidato cha pili. Jina lake nalibana, ni mali yake. Aliyempa alikuwa mtu mzima mwenye pikipiki. Simu ilikuwa nzuri, na laini ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha yule bwana, kwa sababu mtoto chini ya miaka 18 hana kitambulisho na laini yake hutakiwa kusajiliwa na mzazi au mlezi. Miezi ikapita, maneno matamu yakageuka vitisho. Ujumbe wa usiku, sauti za kurekodiwa, "ukinikataa nitawaonyesha watu picha zako". Alipopata moyo wa kumwambia shangazi yake, ushahidi wote ulikuwa ndani ya simu ile. Na simu ilikuwa ya nani? Yule bwana alimsubiri kwenye kona jioni akamwambia, "Nipe simu yangu." Akampa. Zikaenda meseji, zikaenda sauti, zikaenda tarehe. Shangazi akabaki na maneno ya mtoto dhidi ya maneno ya mtu mzima. Leo mwenzetu yule hayuko Changamwe, amepelekwa kwa nyanya yake na dawati lake linakaliwa na mwingine.

Dada msomaji, habari hii ndiyo iliyonifanya niandike. Watu walipoisikia walisema, "Mnaona? Simu!" Mimi nasema tazameni vizuri. Kama mtoto yule angekuwa na dakika kumi za simu isiyo ya yule bwana, na kama angeijua namba moja tu ya kupiga, yale maneno yangeshafika kwa mtu kabla ya ile kona.

Namba zenyewe zipo. Namba 116 ni ya watoto. Ilianzishwa mwaka 2006 na shirika la Childline Kenya likishirikiana na serikali. Haina malipo, na hupokewa usiku na mchana. Namba 1195 ni ya watu wanaodhulumiwa kijinsia, nayo pia ni ya bure. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na watoto wakafungiwa nyumba moja na wanaowadhulumu, simu za kuomba msaada ziliongezeka mara nyingi. Hiyo ni dalili kwamba shida ilikuwapo na kwamba aliyejua namba alipiga. Kwa kuwa hazikatwi pesa, hata simu isiyo na kredo hufaa, na aliyeazimwa haulizwi "mbona salio limepungua?" Lakini simamisha wasichana kumi pale stejini Magongo uwaulize namba 116 ni ya nani. Namba ya kununulia bando watakutajia wakiwa wamefumba macho.

Tena, upande wa sheria tusikae gizani. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inasema mtoto aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa. Mtu mzima akimnajisi msichana wa miaka 16 au 17, kifungo chake si chini ya miaka 15. Akiwa wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Kwa hivyo yale maneno ya mtaani ya "lakini si yeye mwenyewe alikubali zawadi" mahakamani hayana uzito wa unyoya. Sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta nayo inamgusa anayesambaza picha za siri za mtu: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Na picha ikiwa ya mtoto, adhabu huweza kufika miaka 25. Nanyi kaka zetu mnaopokea picha kama hizo kwenye makundi na kuzipitisha "kwa utani tu", someni mstari huu mara mbili.

Kuna jambo la saa ambalo kila msichana na kila mama anafaa kulijua kama anavyojua saa za swala au za ibada. Msichana akibakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, zile ziitwazo PEP, zianze kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, na kila saa inayopita ni hasara. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, na mapema ni bora zaidi. Asioge. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye karatasi au bahasha ya khaki. Nailoni huozesha ushahidi. Hospitali iwe ya kwanza, polisi wanaweza kufuata. Sisi watu wa Changamwe tuna Hospitali ya Port Reitz hapa hapa, na ng'ambo ya Makupa iko Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, yenye kituo maalumu cha waliodhulumiwa. Hapo simu inaingia wapi? Inaingia hapa: haya yote ni mambo ya saa, na mtu aliyepigwa na butwaa hakumbuki kitu. Sauti tulivu upande wa pili ikimwambia "usioge, tafuta matatu, nenda Port Reitz sasa hivi" ndiyo huamua kama siku tatu zitapotea au hazitapotea.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo ya namna hii yanafundisha uasherati, na kwamba si mila yetu. Kwa heshima zote, nawaomba wazee wangu wakumbuke mila yenyewe. Msichana wa Pwani alipovunja ungo hakuachwa peke yake. Alipewa somo, mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa kazi ya kumfunza usafi, kujistahi, mwili wake na mambo ya nyumba. Mafunzo yalikuwa faraghani, mlango umefungwa, na aliyosema mwari kwa somo wake hayakutoka nje. Mama mzazi hakuwa somo, kwa sababu wahenga walielewa kwamba kuna mambo mtoto hawezi kumwambia mamake usoni. Leo tumehamia kwenye vyumba vya kupanga. Somo wa huyu amebaki Lamu, wa yule amefariki, na mwenzetu aliyetoka bara hakuwa naye tangu awali. Kiti cha somo kiko wazi, na kiti kikiwa wazi kila mpita njia hukalia. Mimi naona ni afadhali akikalie mshauri wa 116 au muuguzi kuliko mwenye pikipiki.

Isitoshe, hesabu za nchi zinatuonyesha kwamba kunyamaza hakujatulinda. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini Kenya walikuwa wamewahi kushika mimba. Mwaka 2014 walikuwa 18 katika kila 100. Hatua imepigwa, lakini katika darasa la wasichana arobaini hesabu hiyo ni sawa na dawati sita. Miongozo ya serikali ya mwaka 2020 inawaruhusu waliojifungua kurudi shuleni, na hilo ni jema, ila kinga ni bora kuliko tiba.

Je, simu imewahi kumsaidia mwanamke kweli, ama haya ni maneno ya kupamba karatasi? Imemsaidia, na si mbali. Ng'ambo yetu tu, Unguja, katika miaka ya 2009 na 2010, watafiti waliwachukua akina mama waja wazito 2,550 kutoka vituo 24 vya afya. Baadhi walipata jumbe fupi za simu za kuwakumbusha kliniki, pamoja na vocha ya kumpigia mkunga. Wengine walihudumiwa kama kawaida. Katika kundi la simu, 60 kati ya 100 walijifungua mikononi mwa mtaalamu. Katika kundi la pili walikuwa 47. Waliofaidika hasa walikuwa wa mjini. Mimi katika habari hiyo naona jambo moja: mama hakupewa simu akaambiwa jitegemee. Alipewa namba, akapewa kredo, na upande wa pili alikuwapo mkunga wa kujibu. Huku bara ya Kenya na Tanzania nako, mwaka 2010 ilianzishwa huduma ya m4RH, ambapo mtu alituma ujumbe mfupi akajibiwa maswali ya uzazi wa mpango. Wengi waliouliza walikuwa vijana. Hakuna aliyewaona nyuso, basi wakauliza.

Wanafunzi nao hawakukaa kitako. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu walibuni programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kumwezesha msichana anayekabiliwa na ukeketaji kuomba msaada kwa kubonyeza. Ikawapeleka mpaka California, Marekani, na mwaka 2019 wakawa miongoni mwa waliofika fainali ya tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Watoto wa shule kama mimi na wewe, sare kama hizi! Shirika la UNICEF nalo lina programu ya Oky ya kufuatilia hedhi. Nimeipenda kwa sababu waliobuni walijua maisha yetu: ukishaipakua hufanya kazi bila intaneti, na simu moja huweza kutumiwa na wasichana kadhaa, kila mmoja na nywila yake. Hiyo ndiyo akili ya mtu aliyewahi kuazima simu.

Lakini nawe msomaji utaniuliza, hizo programu zahitaji simu ya kupangusa, na sisi je? Hapo ndipo nafika kwenye ombi langu, na ni ombi dogo.

Siombi wanafunzi waruhusiwe kuja na simu darasani. La hasha! Walimu wanaposema simu huleta wizi, picha chafu na udanganyifu wa mitihani, wanasema kweli tupu. Wala siwaombi wazazi wanunue simu kwa kila binti, kwa maana najua kodi ya nyumba ni kiasi gani. Naomba simu moja. Kabambe mpya hupatikana kwa chini ya shilingi 2,000. Haina picha, haina intaneti, haiwezi kumharibu mtu. Iwekwe katika chumba cha ushauri nasaha, laini isajiliwe kwa jina la shule, na mlangoni kuwe na komeo la ndani. Mwalimu wa ushauri ashike ufunguo, aandike tu kwamba mwanafunzi ameingia na ametoka. Asiulize umempigia nani. Namba 116 na 1195 ziandikwe ukutani kwa rangi, na pia nyuma ya milango ya vyoo vya wasichana, mahali pekee hapa shuleni ambapo msichana husoma bila kutazamwa.

La pili, uongozi wa shule uzungumze na Hospitali ya Port Reitz, tupate muuguzi mmoja wa kike ambaye atapokea maswali yetu siku moja kwa wiki kupitia simu hiyo hiyo. Swali la hedhi iliyochelewa si la polisi wala la namba ya dharura. Linahitaji mtu wa afya, mpole, asiyetuita majina. Asiyeweza kusema kwa mdomo aandike ujumbe.

La tatu ni letu sisi wanafunzi, na halihitaji ruhusa ya mtu. Kila msichana azikariri namba hizo mbili kama anavyokariri ngeli za nomino. Anayetishwa kwa simu asifute meseji kwa aibu. Siku ile ile azionyeshe au azitume kwa mtu mzima anayemwamini, na aandike kwenye daftari namba, tarehe na maneno, kwa sababu simu hunyang'anywa lakini daftari hubaki. Aliyepiga simu ya msaada kwa simu ya nyumbani, na nyumbani ndiko kwenye hatari, aifute namba kwenye orodha ya zilizopigwa kabla ya kuirudisha. Na tukubaliane kama dada: mwenzako akikuomba simu, mpe, geuka, sogea hatua kumi, usiulize. Huo nao ni ulinzi.

Kwenu wazazi wetu nina neno la adabu. Mama, baba, hatuombi mtuache kutuangalia. Tunaomba tu mtofautishe kumwangalia mtoto na kumpekua. Binti anayejua kwamba akiazima simu hamtamsomea ujumbe wake ukumbini, huyo ndiye siku ya siku atakuja mwenyewe aseme, "Mama, kuna mtu ananisumbua." Binti anayepekuliwa hutafuta simu nyingine, na mwenye kumpa hayuko mbali, yuko pale kona, pikipiki inanguruma.

Kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule, najua mtasoma, maana jarida hili hupita mezani kwenu kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Shilingi 2,000, rangi kopo moja na komeo. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuko tayari kuchangisha hizo pesa kwa kuuza jarida hili hili. Mkisema ndiyo muhula huu, muhula ujao kibanda chetu cha simu kitakuwa na mlango.